Ameacha Kweli, Mbona Bado Simwamini?

"Si ameshaacha? Sasa unataka nini tena?"

Swali hili huulizwa na wakwe, mashemeji, marafiki, wakati mwingine hata viongozi wa dini, na karibu kila mara huulizwa kwa nia njema. Anayeulizwa ni mke ambaye mumewe alimaliza akiba yote kwa kubeti, au mume ambaye mkewe alikunywa pombe kwa siri miaka mitatu huku akimtazama usoni na kukana. Mwenzake ameacha. Hilo ni kweli na yeye mwenyewe analiona. Lakini mlango ukifunguliwa usiku moyo bado unamlipuka, simu ya mwenzake ikiita anaitupia jicho, na akijaribu kueleza kwa nini, anaonekana mtu wa kisirani asiyejua kushukuru.

Tatizo ni kwamba tumezoea kuhesabu vitu viwili kama kimoja. Uraibu ni jeraha moja, usaliti ni jingine. Yameingia nyumbani kwa mlango mmoja, lakini hayaponi kwa dawa moja wala kwa muda mmoja. Unasihi, au ushauri nasaha kama wengine wanavyouita, ukifanywa na anayeijua kazi yake huanza kwa kuyatenganisha.

Tukubaliane maneno kwanza

Uraibu si kupenda kitu sana, wala si ulegevu wa tabia tu. Ni hali ya mtu kuendelea kutumia kitu au kufanya jambo huku akiona kwa macho yake linavyomharibia, na kila akijaribu kupunguza anashindwa. Madaktari wa akili hawaupimi kwa idadi ya chupa. Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataja dalili 11. Miongoni mwake ni kutumia kuliko ulivyokusudia, kujaribu kuacha bila mafanikio, hamu kali, kutelekeza majukumu, na kuendelea licha ya ugomvi unaotokana na matumizi hayo. Mwenye dalili 2 au 3 ndani ya mwaka mmoja ana tatizo dogo, 4 au 5 la kati, 6 na zaidi ni kubwa. Toleo hilohilo ndilo lililoihamishia kamari kwenye sura ya uraibu, ikakaa pamoja na pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka kamari na michezo ya video kwenye fungu la uraibu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Na ngono je? Hapa mkanganyiko ni mkubwa, maana siku hizi hakosekani anayefumaniwa akasema yeye ni mraibu wa ngono. Orodha hiyo ya 2022 inaitambua hali ya mtu kushindwa kabisa kudhibiti tabia yake ya kingono, lakini imeiweka kwenye fungu la kushindwa kuzuia misukumo, si fungu la uraibu. Na kuwa na mchepuko si ugonjwa kwa sababu tu kumefichuka. Mara nyingi ni uamuzi uliofanywa na mtu mwenye akili zake. Mnasihi makini hulichunguza jambo hili kabla ya kukubali jina lolote, kwa sababu jina la ugonjwa laweza kugeuzwa mwavuli wa kujikinga.

Swali jingine linalowasumbua ndugu: kama hafurahii tena, kwa nini anaendelea? Mwaka 1993 watafiti Terry Robinson na Kent Berridge walitoa hoja kwamba ndani ya ubongo kutaka kitu na kukifurahia ni mambo mawili tofauti. Uraibu huikuza ile hali ya kutaka, huku raha ikibaki palepale au ikipungua. Mfikirie mtu anayeshika simu kila baada ya dakika mbili. Anaifungua, hakuna jipya, anaiweka, anaishika tena. Hakuna raha anayoipata, ila mkono umeshatangulia. Mraibu yuko hapo, isipokuwa mvuto wake ni mkali mara nyingi zaidi na gharama yake ni nyumba nzima.

Maelezo haya yanasaidia kumwelewa. Hayamfutii kila kitu. Ubongo uliotekwa unaeleza kwa nini alikunywa. Hauelezi moja kwa moja kwa nini alimwambia mkewe kwamba harufu anayoisikia ni ya kichwani mwake tu.

Ndipo tunapofika kwenye usaliti. Wengi wakilisikia neno hili huwaza mtu wa nje. Lakini usaliti ni kuvunja kwa siri makubaliano ambayo mwenzako aliyategemea kupanga maisha yake. Mkopo uliochukuliwa kwa jina lake bila yeye kujua ni usaliti. Ada ya watoto iliyochezewa kamari ni usaliti. Kuapa kwa Mungu kwamba hujatumia, na huku umetumia asubuhi hiyohiyo, ni usaliti pia, na wanandoa wengi watakwambia kilichowavunja hakikuwa chupa bali kile kiapo.

Kwa nini uongo unaumiza hivyo? Mchukue mhasibu aliyegundua risiti moja ya kughushi. Hawezi kuirarua hiyo moja akaendelea na kazi. Anarudi kwenye vitabu vyote vya miaka iliyopita, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu sasa hajui ipi ni ya kweli. Ndivyo alivyo aliyesalitiwa. Ile safari ya kikazi, ilikuwa safari kweli? Ile siku ya mazishi alipochelewa, alikuwa wapi? Anauliza swali lilelile mara ya ishirini, saa nane za usiku, na mwenzake anadhani anamtesa kwa makusudi. Anafanya ukaguzi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kumwambia kwamba huu ni ung'ongo tu hakumsaidii mpaka mwili wake wenyewe uamini.

Mwaka 2001 mwanasaikolojia Sue Johnson na wenzake waliipa hali ya namna hii jina, kwa maana ya jeraha la mfungamano: tukio ambalo mtu alimhitaji mwenzake kwa dhati na mwenzake akamtupa, kisha tukio hilo likageuka kipimo cha kila kitu kinachofuata. Ndiyo maana mabishano kuhusu kuchelewa dakika kumi huishia kwenye jambo la miaka minne iliyopita.

Saa mbili katika nyumba moja

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye fumbo lote.

Kila mmoja ana saa yake ya kuhesabia muda. Aliyeacha anahesabu siku tangu alipoacha. Siku ya 90 kwake ni ushindi: amevuka arosto, yaani mateso ya mwili unaodai kilevi, analala usingizi, uso umerudi kuwa uso wake, na kwenye kikundi cha wanaoacha wanampigia makofi. Mwenzake anahesabu tangu siku aliyojua. Tena miezi ile ya kwanza huenda hakupata hata nafasi ya kuumia. Palikuwa na mgonjwa wa kuuguza, madeni ya kupangia foleni, watoto wa kuambiwa kwamba baba amesafiri. Hasira yake nayo ilikuwa kwenye foleni. Nyumba ikitulia ndipo zamu yake inapofika.

Basi hutokea hivi: siku ambayo mmoja anatarajia kushukuriwa, mwingine ndiyo kwanza anaanza kulia. Yule anasema, "Kumbe hata nikiacha haisaidii." Huyu anasema, "Anataka zawadi kwa kuacha kunitupia mawe." Wote wawili wanasema kweli kwa saa zao. Na ndugu, ambao wanaiona saa ya aliyeacha tu kwa kuwa ndiyo yenye makofi, wanamgeukia aliyeumia na kumwambia yeye sasa ndiye tatizo.

Mnasihi anayefahamu jambo hili hutumia kikao kizima, pengine viwili, kuwafanya waione saa ya upande wa pili. Haisikiki kama tiba. Lakini mtu akielewa kwamba hasira ya mwenzake mwezi wa tano si dalili ya kushindwa bali ni jeraha lililopata nafasi ya kutoa usaha, huacha kukimbia.

Kinachofanyika kwenye vikao

Wengi hufika wakidhani mnasihi ni hakimu. Kila mmoja amebeba ushahidi wake, picha za ujumbe, taarifa za benki. Kisha wanashangaa kwamba hukumu haitolewi. Usuluhishi wa kawaida huuliza nani mkosaji na hutaka watu washikane mikono kabla ya kuondoka. Unasihi huuliza nini kilitokea ndani ya kila mmoja, na mikono huachwa mpaka itakaposhikana yenyewe.

Kabla ya kuwaweka pamoja, mnasihi mzuri huonana na kila mmoja peke yake. Sababu ya kwanza ni usalama. Kama kuna kipigo, vitisho, au mmoja anamwogopa mwenzake kiasi cha kuchunga kila neno, vikao vya pamoja vinaweza kumweka hatarini: atakachosema mbele ya mnasihi ataulizwa wakifika nyumbani. Hapo usalama wake ndio huja kwanza na habari ya ndoa husubiri. Sababu ya pili ni ya kitabibu, na watu huipuuza. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akatetemeka na kuona vitu visivyokuwepo, wengine hufa. Hata dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, zile za jamii ya diazepamu, zina hatari kama hiyo. Kwa hiyo kumfungia chumbani na kumwaga chupa zote si msaada. Daktari hutangulia, mnasihi hufuata.

Baada ya hapo huja kazi ya ukweli. Kuna ukweli wa matone: leo anakiri deni moja, baada ya wiki mbili la pili linagundulika, mwezi ujao linaibuka la tatu. Kila tone ni usaliti mpya na saa ya mwenzake inarudi mwanzo. Afadhali siku moja chungu iliyopangwa. Aliyekosa huandaa maelezo yake kwa msaada wa mnasihi, aliyeumia huamua mapema anataka kujua kiasi gani, na mambo yanasemwa yote kwa mara moja. Kiasi cha deni, muda, nani mwingine anajua, kama kuna hatari ya ugonjwa wa zinaa: hayo ni haki yake kuyajua. Picha za kina za chumbani ni jambo jingine, maana zikishaingia kichwani hazitoki, na mnasihi humshauri afikiri mara mbili kabla ya kuziuliza.

Kisha kila siku, jambo dogo. Kuna tiba ya wanandoa iliyoendelezwa na Timothy O'Farrell na wenzake kwa ajili ya wanywaji pombe, ambayo kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20. Kiini chake ni mazungumzo ya dakika chache yanayofanyika nyumbani kila siku kwa saa maalumu. Anayepata nafuu anasema kwamba leo amekusudia kutokunywa, na anamshukuru mwenzake kwa kumsaidia jana. Mwenzake anamshukuru kwa siku ya jana na kumtakia heri ya leo. Kama ameandikiwa dawa, anaimeza pale pale mwenzake akiona. Wanaweka alama kwenye kalenda, basi. Wakati huo hairuhusiwi kufufua yaliyopita wala kutabiri yajayo. Hayo yanasubiri kikao.

Mtu akiisikia mara ya kwanza huiona kama mchezo wa watoto. Ila itazame kwa jicho la yule mhasibu. Vitabu vya zamani vimeharibika na havitengenezeki. Kinachowezekana ni kufungua kitabu kipya na kuingiza risiti moja ya kweli kila siku, ndogo, inayohakikishika. Kiapo kikubwa cha machozi hakihakikishiki. Alama ya jana kwenye kalenda inahakikishika.

Suala la simu na taarifa za benki huzua ugomvi kila mara. Je, ni haki kumfunulia mwenzako kila kitu? Kwa muda, ndiyo, na ni vizuri aliyekosa alitoe hilo mwenyewe kabla ya kudaiwa. Ichukulie kama plasta ngumu anayofungwa aliyevunjika mguu. Bila hiyo mfupa hauungi. Ikikaa mwaka mzima misuli inanyauka, na mtu akabaki na mguu ulioungika usioweza kutembea. Wanandoa wapange mapema watakaa nayo mpaka lini na wataiondoa kwa hatua gani, la sivyo mmoja atageuka polisi na mwingine mfungwa, na katika hali hiyo hakuna anayependana na mwenzake.

Msamaha, na vinavyodhaniwa kuwa msamaha

"Nimeshasema samahani, nisemeje tena?" Samahani ya namna hiyo ni ombi la kufunga mjadala. Ile inayofanya kazi ni ndefu kidogo na inataja vitu: nilifanya hili, nikakudanganya hivi, na najua ulipouliza nikakufanya ujione mwendawazimu. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambamo walevi husaidiana kuacha pombe, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1935, vina hatua 12, na mbili kati yake, ya 8 na ya 9, zinahusu jambo hili: kuorodhesha wote uliowaumiza, kisha kurekebisha ulichowaharibia ana kwa ana, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungewaumiza wao au wengine. Neno kubwa hapo ni kurekebisha. Anayelipa deni kidogo kidogo anaomba msamaha hata siku asiyosema lolote.

Na kusamehe si kurudiana. Mtu anaweza kusamehe akaondoka. Mwingine anaweza kubaki, akapika na kulea pamoja, na bado hajasamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mnasihi anayemsukuma mtu asamehe haraka ili ndoa ihesabiwe imepona anazika kitu kilicho hai.

Wapo wanaokata tamaa kwa methali: chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Takwimu zinazotajwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Matumizi ya Dawa za Kulevya ya Marekani zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu wa dawa hurejea kutumia wakati fulani. Yakisomwa harakaharaka, maneno haya yanaunga mkono methali. Lakini ulinganisho unaoandamana na takwimu hizo ni shinikizo la damu na pumu, ambako wagonjwa hurudiwa na hali hiyo kwa kiwango kinachofanana au kinachozidi. Hatusemi dawa za presha hazifai kwa sababu presha ilipanda tena; tunarekebisha dozi.

Kwa wanandoa, hata hivyo, kurejea kutumia kuna uzito ambao presha haina. Hivyo makubaliano mazuri hutenganisha kuteleza na kuficha kuteleza. Wapo wanaowekeana kanuni ya saa 24: nikiteleza nitakwambia mwenyewe kabla siku haijapita, na wewe hutanifukuza kwa kusema, ingawa unaweza kukasirika utakavyo. Aliyeanguka akasema ameingiza risiti ya kweli, chungu. Aliyeanguka akaficha amerudi kwenye vitabu vya zamani.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba mraibu hasaidiki mpaka afike chini kabisa, apoteze kila kitu. Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na mwenzao walichapisha utafiti wa ndugu na wenzi 130 wa wanywaji waliokuwa wamekataa tiba. Kundi moja la ndugu lilifundishwa kubadili mwenendo wao nyumbani: kuwa karibu na kumfurahia anapokuwa hajalewa, kujiondoa kwa utulivu anapolewa na kumwacha akutane na matokeo ya ulevi wake, na kumgusia tiba wakati muafaka. Katika kundi hilo asilimia 64 ya wanywaji waliingia kwenye tiba. Njia ya ndugu kukusanyika na kumkabili ilifikia asilimia 30. Kundi lililoelekezwa kwenye mtazamo wa Al-Anon, vikundi vya kusaidiana vya ndugu wa walevi, lilifikia asilimia 13, ingawa kwa haki ya Al-Anon, lengo lao ni kumtuliza ndugu mwenyewe, si kumfikisha mgonjwa hospitalini. Kwa hiyo mke hana haja ya kusubiri nyumba iungue. Lakini pia, na hili lisemwe kwa sauti, si yeye aliyesababisha uraibu, na mume asipokwenda kutibiwa si yeye aliyeshindwa.

Watoto nao wanajua. Pengine hawalijui jina la kitu, lakini wanajua sauti ya funguo inayomaanisha leo ni salama na ile inayomaanisha wajifiche. Wakiambiwa hakuna tatizo, wanajifunza kutoamini masikio yao. Sentensi mbili za kweli zinazolingana na umri wao zinatosha: baba alikuwa anaumwa ugonjwa wa pombe, anatibiwa, na si kosa lenu.

Kuna wanaofanya yote haya na bado wakaachana. Wengine huhesabu hapo unasihi umefeli, na hapo natofautiana nao. Wawili waliokuwa wakikabana mashati kisha wakajifunza kusema ukweli wa siku moja moja wanaweza kuendelea kuusema hata wakiishi nyumba mbili. Jioni ya kumpokea mtoto, mmoja anauliza mlangoni, "Leo uko sawa?" Mwingine anajibu, "Leo hapana, mwache abaki kwako." Na mtoto anabaki, bila kelele.